Katika Lugha Anayoifahamu

Swali lililonifanya nishike kalamu liliulizwa na kijana wa kidato cha pili, katika darasa langu hapa Kampala, siku tulipokuwa tukisoma habari za vitenzi vya kuamrisha. Niliwataka wanafunzi wanitajie maneno ya Kiswahili waliyoyajua kabla hawajaingia sekondari. Mmoja akasema "kuja hapa". Wa pili akasema "toka". Wa tatu akasema "kamata". Kisha binti mmoja akaeleza kwamba nyanya yake hukumbuka maneno mawili tu ya Kiswahili, nayo ni "panda gari", wala hapendi kuyasikia. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa kijana mdogo wakati ule. Ndipo mwanafunzi wa nyuma kabisa akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, ni nani aliyepiga kura tujifunze lugha hii?"

Kengele ilikuwa karibu kulia, nami nikamjibu kwa pupa kwamba mtaala wa mwaka 2020 ndio uliolifanya somo hili kuwa la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake. Niliondoka darasani nikiwa na deni.

Siku chache baadaye, jioni, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa mama mmoja jirani yangu, mzaliwa wa mashariki ya Kongo, ambaye huuza vitenge huko Kisenyi.

"Karibu, Mama," nikamwambia.

"Asante, Mwalimu. Nimekuja na shida ya mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwana wa dada yake, ambaye hubeba mizigo ya watu karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa ameshitakiwa kwa wizi wa robota moja la mitumba, na tayari alikuwa rumande. "Walimuuliza, naye akajibu," mama yule aliniambia, "lakini sijui kama walisikilizana." Aliniomba nifuatane naye mahakamani siku ya pili ya kesi. Nilikubali, japokuwa sikujua mwalimu wa sarufi angefaa nini mahali kama pale.

Tulifika mapema. Nilimwendea karani, nikajieleza, naye akamfikishia hakimu habari. Hakimu alikuwa mama mpole mwenye subira. Aliniapisha, kisha akaniruhusu kusikiliza maelezo yaliyoandikwa na polisi na kumfasiria mshitakiwa. Maelezo yale yalikuwa ya Kiingereza safi, na chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba. Ndani yake kijana alisema kwamba alilinyakua lile robota. Siku ya kwanza, kwa mkalimani aliyejua Luganda na Kiingereza tu, alikuwa ameulizwa kama mashitaka ni ya kweli, naye akajibu, "Ndiyo, nilikamata." Jibu hilo likaandikwa kuwa amekiri kosa.

Niliomba ruhusa nimwulize swali moja. "Ulilikamata wapi, ndugu yangu?"

"Mkononi mwa mwenyewe, Mwalimu. Alinipa nipeleke, nami nikakamata."

Wasomaji wanaowafahamu ndugu zetu wa Kongo wamekwisha kuelewa. Kwa Kiswahili cha kwao, kukamata ni kuchukua, ni kupokea, ni kushika kitu ulichopewa. Kwa Kiswahili cha vitabu vyetu, na zaidi kwa kile cha barabarani hapa Kampala, kukamata ni kutia mtu nguvuni au kushika kwa mabavu. Askari aliyemhoji alizungumza naye kwa Kiswahili, akasikia neno alilolizoea katika kazi yake, akalihamisha katika Kiingereza kwa maana aliyoijua yeye. Hakuna aliyesema uongo. Neno moja lilivuka mpaka likiwa pokezi, likafika mahakamani likiwa wizi.

Nilimweleza hakimu jambo hili kwa kadiri ya uwezo wangu. Aliweka kalamu chini, akaagiza mashitaka yasomwe upya, na yafasiriwe kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Safari hii kijana alijibu, "Si kweli, Mheshimiwa." Kukiri kwa kwanza kukafutwa, naye akapewa dhamana. Kesi yenyewe iliondolewa baadaye, mlalamikaji alipokosa kufika mara tatu. Lakini kijana alikuwa amelala rumande siku 19, na siku hizo hakuna aliyemrudishia.

Niliporudi nyumbani niliifungua Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Ibara ya 23 inasema kwamba mtu aliyekamatwa au kuzuiliwa aelezwe mara moja, katika lugha anayoifahamu, sababu za kukamatwa kwake. Ibara ya 28 inaongeza kwamba mshitakiwa aelezwe kosa lake katika lugha anayoifahamu, na kama haelewi lugha ya mahakama apewe mkalimani bila ya kulipa chochote. Tena Ibara ya 4 inaiagiza Serikali iitafsiri Katiba yenyewe katika lugha za Uganda na kuieneza kadiri iwezekanavyo. Nilizisoma ibara hizo mara mbili. Haki ya yule kijana ilikuwa imeandikwa zamani, tena kwa uwazi. Iliyokosekana siku ile ya kwanza ni sikio la kumsikia.

Jambo lililonisumbua zaidi ni hili. Kwa miaka mingi Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wetu, jeshini na polisi, tangu enzi za mkoloni. Yule kijana alikamatwa kwa Kiswahili, akapandishwa garini kwa Kiswahili, akahojiwa kwa Kiswahili. Kalamu ilipoanza kuandika, na neno lilipoanza kuwa na uzito, Kiswahili kikaachwa mlangoni. Kwa hiyo lugha ile ilitosha kumwamrisha mtu, lakini haikutosha kumsikiliza. Si ajabu basi kwamba wanafunzi wangu walinitajia amri tupu.

Sasa narudi kwenye deni langu. Ni nani aliyepiga kura?

Nchi yetu si ngeni kwa kura za maoni. Ya kwanza tangu uhuru ilifanyika Novemba 1964 katika masaza ya Buyaga na Bugangaizi. Ardhi hiyo ilikuwa ya Bunyoro hadi Waingereza walipoitia chini ya Buganda katika miaka ya 1890. Kwa miaka zaidi ya sitini Wanyoro wa huko walitawaliwa na machifu wa Kiganda, na malalamiko yao hayakuwa ya ardhi peke yake. Walilalamika kwamba watoto wao walifundishwa kwa Luganda, kwamba barazani kesi zao zilisikilizwa kwa Luganda, kwamba lugha ya mama zao ilionewa haya. Wapiga kura walipewa njia tatu: kubaki Buganda, kurudi Bunyoro, au kuwa wilaya ya pekee. Wengi mno wakachagua kurudi Bunyoro. Naitaja kura hiyo kwa sababu ni ushahidi kwamba lugha ya mahakama na shule si pambo. Watu waweza kuibebea kinyongo kwa vizazi viwili, na wakipewa karatasi ya kura wataitolea hukumu.

Kiswahili nacho kiliwahi kupigiwa kura, lakini si na wananchi. Tayari katika mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka kitumike katika elimu na utawala, na Kabaka Daudi Chwa akakipinga kwa maandishi mwaka 1929, kwani watu wengi wa Buganda waliona nyuma yake kivuli cha kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Mwaka 1973 wajumbe wa wilaya 20 waliulizwa lugha ya taifa iwe ipi: wilaya 12 zikachagua Kiswahili na wilaya 8 zikachagua Luganda. Agosti mwaka huo Idi Amin akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hesabu ile ilikuwa ya ushindi, lakini Bunge lilikuwa limekwisha kuvunjwa, nchi ilikuwa ikitawaliwa kwa amri, na mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Waasia kuamriwa kuondoka katika siku 90. Kiswahili kilipewa cheo wakati ambapo raia walikuwa wamepokonywa sauti.

Watanzania na wapiganaji wetu walipoingia Kampala Aprili 1979, tuliwaita wakombozi, na kwa miezi michache Kiswahili kikawa lugha ya furaha. Kisha ikaja misako ya miaka ya mwanzo ya 1980. Askari waliuzunguka mtaa, wakawatoa watu majumbani, wakawaamuru kwa maneno mawili yale yale wapande malori. Wengine hawakurudi. Hayo ndiyo "panda gari" ya yule nyanya, na mwalimu wa Kiswahili asiyeyajua hafai kulishangaa darasa linalomkunjia uso.

Katiba ya mwaka 1995 ilikitaja Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi. Mwaka 2005 tulipanga foleni tena. Kura ya maoni ya tarehe 28 Julai iliuliza kama vyama vya siasa viruhusiwe kushindana. Waliojitokeza walikuwa chini ya nusu ya walioandikishwa, na zaidi ya asilimia 90 yao wakakubali. Mimi nami nilipiga kura siku ile. Lakini juu ya Kiswahili hatukuulizwa. Kiliingizwa na Bunge mwaka huo huo, katika sheria ya marekebisho ya Katiba, kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mambo yatakayoainishwa na sheria. Sheria hiyo hiyo iliondoa kikomo cha vipindi viwili vya Rais. Basi mtu aliyeikasirikia sheria kwa ajili ya kikomo alikikuta Kiswahili ndani ya kapu lile lile. Mwaka 2022, Julai, Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni.

Niliyaeleza hayo yote darasani juma lililofuata. Nilimwambia kijana wangu: "Wananchi hawajapiga kura juu ya lugha hii hata mara moja. Wajumbe walichagua chini ya bunduki, na wabunge waliamua pamoja na mambo mengine." Akaniuliza, kwa heshima, kwa nini basi naifundisha.

Nilimsimulia habari za robota la mitumba. Kisha nikaandika ubaoni maneno mapya: mshitakiwa, dhamana, mkalimani, sina hatia. Tukaigiza mahakama. Binti wa "panda gari" alikuwa hakimu. Aliagiza kila ushahidi urudiwe polepole, na mshitakiwa aliposema "nilikamata", akamwuliza, "Una maana gani?" Katika miaka yangu ya ualimu sijasikia swali la Kiswahili lililonifurahisha kuliko hilo.

Mwenzangu afundishaye Luganda, tuliyekuwa tukinywa naye chai, alinionya. "Ssebo," alisema, "mnatetewa na sheria sasa. Msije mkatufanyia sisi waliyofanyiwa watu wa Buyaga." Sikukasirika. Ana haki. Katiba yetu inataka lugha zote za Uganda ziendelezwe na kuhifadhiwa, pamoja na lugha ya alama ya viziwi. Kama yule kijana angalikuwa Mkaramojong asiyejua ila lugha yake, Kiswahili changu kisingalimfaa kitu, naye angalistahili mkalimani wake kwa haki ile ile. Sheria inayokipa Kiswahili nafasi haina budi kumwongezea mwananchi mlango wa kuingilia, bila ya kumfungia ule aliokuwa nao. Nayasema haya nikijua kwamba baadhi ya wenzangu chamani hupenda zaidi neno "lazima". Mimi pia nililipenda, hata niliposimama kizimbani kando ya mtu aliyekuwa karibu kufungwa kwa ajili ya kitenzi.

Hapa kwetu, ndugu zangu, Kiswahili kina deni la kihistoria, na sisi walimu ndio wadhamini wake. Serikali yaweza kukitangaza kuwa rasmi kwa siku moja, lakini haiwezi kuamuru kipendwe. Tuwafundishe vijana ibara za haki zao kwa Kiswahili na kwa lugha za mama zao. Tuwafundishe tofauti za Kiswahili cha Bunia, cha Mombasa, cha Dar es Salaam na cha kambi za askari, bila ya kukidharau hata kimoja, kwani siku moja mwanafunzi wetu atakuwa karani, askari au hakimu, na uhai wa mtu utaning'inia katika neno. Na penye mahakama karibu na shule, twende tukajitolee.

Mama wa vitenge aliniletea doti moja kuwa shukrani. Nilikataa, akasisitiza, nikapokea.

"Umekamata?" akaniuliza, akicheka.

"Nimekamata, Mama," nikamjibu.