Chupa Moja, Magitaa Mawili

Omutibo, upigaji wa gitaa kavu (lisilo la umeme) wa magharibi mwa Kenya, umezikwa mara nyingi. Ulizikwa mpigaji wake mashuhuri, George Mukabi wa Kisa, alipouawa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Ukazikwa tena gitaa la umeme liliposhika benga, ukazikwa santuri zilipotoweka madukani, na siku hizi unazikwa kila boma linapokodi spika za disko matanga. Kila mara waombolezaji walikuwa na sababu zao, na kila mara walikosea. Kumbukumbu hii ni ya kundi moja linaloonyesha kosa hilo kuliko mengine yote ninayoyajua: Abana ba Nasery, Watoto wa Nasari, yaani Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa na Enos Okola kwenye chupa. Ni watu wa Bunyore. Bunyore leo iko Vihiga, lakini Vihiga yenyewe ilikatwa kutoka wilaya ya Kakamega mwaka 1990, kwa hiyo kwa miaka yao mingi ya kazi watatu hawa walikuwa wana wa Kakamega, na Kakamega ina haki ya kuwakumbuka.

Ili kuelewa walivyodumu, ni lazima kwanza kusikiliza walichokuwa wakifanya kwa vidole. Upigaji huu wa gitaa kavu una undugu na ule wa Katanga, Kongo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko mwaka 1952, na kabla ya muongo kwisha Mwenda na Edouard Masengo walikuwa wakisikika hata Nairobi. Wapigaji wa magharibi hawakuiga tu. Kidole gumba kilibaki chini kikitembeza besi bila kuchoka, na cha shahada kikapanda juu kuimba wimbo, kikijibizana na sauti ya mwimbaji kama shemeji wawili wanaotaniana. Gitaa la pili lilibanwa shingoni, wengi vijijini wakitumia kipande cha penseli kilichofungwa kwa mpira, likapiga kwa sauti ya juu zaidi na kujaza mapengo. Kisha ikaja chupa ya Fanta. Ile ya kioo, ya zamani, yenye mikunjo ubavuni. Ukiikwaruza mikunjo kwa chuma inatoa mchakacho mkavu. Ukiigonga inalia kama kengele ndogo, na mpigaji hodari huchanganya mchakacho na mlio hadi msikilizaji akadhani kuna watu wawili. Hiyo ndiyo ngoma yao nzima. Ukiujumlisha uzito wa vyombo vyote vitatu, mtu mmoja angeweza kuvibeba kutoka Luanda ya Vihiga hadi Khwisero kwa baiskeli.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kundi hili lilidumu kwa sababu halikufunga maisha yake kwenye kitu ambacho lisingeweza kukibeba. Bendi nyingi za Afrika Mashariki zilipiga vyombo vya mwenye baa, vya chama au vya kampuni. Mwenye vyombo akivichukua, wanamuziki wanabaki na sauti zao na sare. Ampilifaya ikiungua, au jenereta ikikosa mafuta, au mpiga solo akivutwa na bendi nyingine Nairobi, shughuli ya Jumamosi imevunjika na amana ya watu inadaiwa. Abana ba Nasery hawakuwa na cha kunyang'anywa. Na jukwaa lao, yaani harusi, matanga, sherehe za nyumbani, halikumilikiwa na mtu wa kulifunga.

Najua jibu litakalokuja: huku ni kuusifu umaskini. Walipiga chupa kwa kuwa hawakuweza kununua ngoma, na wangepata fedha wangeiacha chupa siku hiyo hiyo. Pingamizi hili lina uzito, na lingenishinda kama ingekuwa kweli kwamba waliogopa umeme. Lakini watu hao hao waliunda bendi ya umeme, wakarekodi kwa majina ya Mwilonje Jazz na Super Bunyore. Enzi hizo wapenzi wa dansi walizitaka bendi kamili, benga ya akina D. O. Misiani ikivuma kutoka Nyanza na rumba ya Wakongo ikiiteka Nairobi, na wao wakaingia uwanjani kama wengine. Tofauti ni kwamba walipoingia hawakuchoma daraja nyuma yao. Gitaa kavu lilibaki kama ghala la mahindi: mvua ikinyesha vizuri hulikimbilii, ikikosekana unajua chakula kipo. Waliotupa gitaa kavu kwa kuliona ushamba hawakuwa na pa kurudi umeme ulipowashinda gharama. Umaskini haumpi mtu uwezo wa kuchagua, nao walichagua mara mbili, kwenda na kurudi.

Pingamizi la pili ninalolisikia zaidi kwa wasomi wetu, na linaniuma zaidi. Linasema Abana ba Nasery waliokolewa na London. Ni kweli kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ya santuri ndogo nchini ilikuwa taabani, kanda za wizi zikiuzwa kila stendi ya basi, na aliyeimba hakuona senti. Ni kweli pia kwamba kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya rekodi zao za zamani na kuzitoa upya mwaka 1989, kwamba walisafiri kupiga muziki Ulaya, na kwamba mwaka 1992 ikatoka albamu mpya waliyoirekodi huko pamoja na wageni kutoka makundi kama Oyster Band na 3 Mustaphas 3. Nawashukuru waliofanya kazi hiyo, maana bila wao nyimbo kadhaa zingebaki kwenye santuri zilizokwanguka. Lakini tutazame mpangilio wa mambo. London ilikusanya kitu kilichokuwa kimeishi zaidi ya robo karne, kikilishwa na Wanyore, Wakisa na Wamarama waliokiita kwenye harusi zao. Mvunaji si mkulima. Na wageni wale wa Ulaya walipokaa na watatu hawa studio, ni wao walioingia kwenye mwendo wa kidole gumba. Kidole gumba hakikubadili mwendo.

Pingamizi la tatu silipuuzi hata kidogo, kwa kuwa linagusa udhaifu wa kweli. Kundi dogo ni rahisi kubeba, lakini pia ni rahisi kupotea. Watu watatu wakizeeka, muziki wao unazeeka nao. Linganisha na isukuti ya Waisukha na Waidakho, papa hapa Kakamega. Isukuti inahitaji ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kiongozi wa kuimba, na safu za wanaume na wanawake. Kijiji kizima kinaijua, hivyo mpigaji mmoja akifariki mwingine yuko tayari. Inasikika kwenye mapigano ya mafahali Shinyalu na kwa mashabiki wa AFC Leopards. Hata hivyo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ikiwa ngoma yenye jamii nzima nyuma yake iko hatarini, magitaa mawili na chupa vitajilinda vipi?

Jibu langu si kamili. Omutibo haukupita kwa mikono ya kijiji bali kwa sikio la mtu mmoja mmoja, na sikio hilo limefanya kazi zaidi ya tulivyotarajia. Johnstone Mukabi, mwana wa George, anapiga mtindo wa baba aliyeuawa zaidi ya miaka sitini iliyopita, na mwaka 2017 nyimbo za baba mwenyewe zilitolewa upya katika santuri kwa jina Furaha Wenye Gita. Kinachonitia hofu ni kupotea kwa jukwaa kuliko kupotea kwa wapigaji. Usiku wa matanga ulikuwa wa gitaa. Sasa ni wa disko, na maofisa wa utawala wamelipiga marufuku tena na tena kwa sababu ya madhara kwa watoto, bila mtu kuuliza ule usiku ujazwe na nini. Mfiwa anahitaji watu wakeshe naye na mchango upatikane. Gitaa kavu lilifanya kazi hiyo bila jenereta, kwa sauti inayomwacha mtu aongee na jirani yake, na mama mfiwa akitaka kimya, kidole kiliinuliwa tu kwenye nyuzi. Machifu na wazee wa ukoo wanaolizima disko wangeweza kumwita mpiga gitaa jioni hiyo hiyo. Wapigaji wapo bado, Khwisero, Butere na Emuhaya, na nauli yao ni ya bodaboda moja, maana gitaa hukaa mgongoni na chupa huingia mfukoni mwa koti.