Plake za sola nyumbani: je, zinalipa kwa sisi wa Bukavu?

Katika mitaa ya Kadutu, Panzi na Bagira swali moja linarudi kila siku: tuendelee kungojea umeme, au tununue plake za sola? Nyumbani kwangu tumelijadili kwa wiki tatu. Ninawapa hesabu yetu jinsi ilivyo, labda itamsaidia mwingine.

Tunaishi watu tisa katika nyumba ya kupanga. Kati yao ni mama mkubwa na wajukuu wake watatu, ambao walitufikia mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Kalehe. Umeme unakuja na kwenda. Siku nyingine unarudi usiku wa manane, na mama wote wanaamka kupiga pasi na kuchemsha maharagwe kabla haujakatika tena.

Ajabu ni kwamba tuko karibu kabisa na chanzo cha umeme. Mto Ruzizi unatoka katika ziwa letu, na mabwawa yake yanazalisha umeme tangu wakati wa ukoloni. Lile la pili, Ruzizi II, lilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake tunagawana na Rwanda na Burundi. Lakini mji umekua sana, nyumba zimepanda milima yote, na nyaya ni zilezile. Hapo ndipo delestaji inapotokea.

Mdogo wangu anaishi Uholanzi. Nilipomwambia shida yetu, alijibu haraka: « Yaya, weka plake nyingi juu ya nyumba, umeme unaobaki uwauzie kampuni. » Kwao kuna mita inayohesabu kwenda na kurudi. Mchana, jua likiwa kali, umeme wa ziada unaingia katika nyaya za mji. Usiku mwenye nyumba anauchukua tena, na analipa tofauti tu. Kenya nao waliandika mpango kama huo katika sheria yao ya nishati ya mwaka 2019. Lakini hata Uholanzi wameshaamua kwamba hesabu hiyo itakwisha tarehe 1 Januari 2027. Watu waliozinunua kwa kutegemea faida hiyo sasa wanapiga hesabu upya.

Na kwetu? Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliwafungulia watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme nchini Kongo. Lakini mita ya namna hiyo sijaiona katika mtaa wetu. Sisi tuna kashipawa, unalipa kwanza halafu unatumia. Na kuna jambo jingine ambalo fundi mmoja alinieleza vizuri. Mitambo hiyo ya kuuza umeme, kama haina batri, inazimika yenyewe mara umeme wa mji unapokatika. Imetengenezwa hivyo ili isimuue fundi anayerekebisha nyaya. Maana yake, siku ya delestaji ungekaa gizani, plake zako zikiwa juani! Kwa mji kama wetu, lenye kazi ni batri.

Basi tukahesabu. Simu tatu tunazipeleka kuchajiwa kwa jirani, tunanunua mishumaa na mawe ya tochi. Kwa mwezi inafika kama dola 15. Sokoni nilipewa bei ya mtambo wa kwanza: plake ya wati 100, batri kubwa ya asidi, kisanduku cha kuilinda, na mashine ya kugeuza umeme ili televisheni iwake. Jumla dola 220. Ukigawa kwa 15, ni karibu miezi 15 kabla pesa haijarudi. Batri ya namna hiyo, ukiimaliza nguvu kila usiku, haifikishi miaka mingi. Kwa hiyo inalipa, lakini kwa shida.

Hapo mama mkubwa, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akauliza: « Mwanangu, na tukikimbia, hiyo batri ataibeba nani? »

Nilikosa jibu. Kule Kalehe, mume wake alikuwa ameweka plake mbili juu ya mabati. Siku ile walitoka na watoto, godoro moja na sufuria. Plake zilibaki. Hesabu ya miezi 15 ni nzuri kwa mtu anayejua atalala wapi baada ya miezi 15. Na mimi ninayepanga, mwenye nyumba anaweza kuniambia nihame hata bila vita.

Tukaangalia mtambo wa pili: plake ya wati 40, batri ndogo ya lithiamu ndani ya sanduku lake, taa tatu na nafasi za kuchaji simu. Dola 85. Taa tatu za wati 3 kwa saa tano, pamoja na simu tatu, vinaomba kama wati-saa 90 kwa siku. Plake ya wati 40, kwa saa nne za jua zuri, inatoa 160. Ukitoa theluthi inayopotea njiani, inabaki zaidi ya 100. Inatosha. Siku za mvua nyingi tutawasha taa moja. Televisheni hapana, pasi hapana kabisa. Lakini zile dola 15 tunaziokoa vilevile, na pesa inarudi kabla ya miezi sita. Na mtoto wa miaka kumi anaweza kulibeba sanduku hilo.

Tumechukua huo. Plake hatukuipigilia juu ya mabati. Asubuhi inatoka, jioni inaingia.

Kwa wanaotaka kununua: mwambie muuzaji aiweke plake juani na aipime mbele yako. Plake ya wati 100 haiwezi kuwa na ukubwa wa daftari, hata kama karatasi yake imeandikwa 100. Batri ya asidi usiilaze katika chumba mnacholala, na usiitumie kupita nusu. Mwenye nyumba yake, mwenye duka la kunyolea au la kuchaji simu, huyo mtambo mkubwa unaweza kumfaa, kwa sababu unamwingizia pesa kila siku.

Jana wajukuu wa mama mkubwa walisoma mpaka saa tatu usiku. Yeye alikaa karibu nao, redio ikiongea polepole, akisikiliza habari za Kalehe.