Uso wa Mtu na Asili Yake

Katika pwani ya Ikola hukutana watu wa namna nyingi: Wabende wenye nchi, Wafipa wa kusini, Watongwe wa kaskazini, na wavuvi wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchi ya Kongo. Mitumbwi ikishusha dagaa, wakaao kando hupenda kumtazama mgeni usoni na kubashiri: "Pua ile ni ya Kimanyema, lakini macho ni ya mamaye, naye hakosi kuwa Mfipa." Hucheka, na pengine mgeni naye hucheka. Walakini mchezo huu una miiba.

Hapo kale wazee walikuwa na alama za kuwaongoza. Makabila kadha wa kadha yalichonga meno au kuchanja chale, na aliyezijua aliweza kusema, Huyu katoka upande fulani. Lakini alama hizo zilitiwa kwa kisu. Hakuna aliyezaliwa nazo. Na pua je, na rangi? Mtoto hupokea nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama, ila ndugu wawili hawapokei nusu zile zile. Ndiyo sababu katika nyumba moja huyu hufanana na bibi mzaa mama, na yule hufanana na mtu asiyejulikana na yeyote.

Tena pwani hii ilipitiwa na misafara ya watumwa, na sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922 tu. Basi aulizwaye, "Bibi yako alitoka wapi?" huenda anaulizwa kama bibi yake alinunuliwa kwa nguo. Hata bara ya Mpanda yako mambo kama hayo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makao Katumba na Mishamo, na wengi wao wamekwisha kuwa raia wa Tanzania. Lakini mtoto aliyezaliwa huko aweza kuitwa mkimbizi kwa ajili ya pua yake. Na huko Rwanda, mwaka 1994, wauaji waliweka vizuizi njiani wakawapima watu kwa urefu na sura, hata wakawaua na wengine wasiokuwa wa kabila walilolitafuta.

Kusini ya Ikola ni Karema, na hapo aliishi Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika bonde la mto Niger. Akiwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa, wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, akawatibu watu wa pwani hiyo miaka zaidi ya sitini, mpaka uzee ulipomshika. Alifariki mwaka 1956. Walioletewa dawa hawakumwuliza pua yake ni ya nani. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa Kibende, na mwana wao Joseph akawa padre.

Kama Joseph angalishuka mtumbwini Ikola, na wabashiri wakamtazama, labda wangalisema, "Mbende huyu." Nao wangalipata nusu. Nusu ya pili ilikuwa ng'ambo ya jangwa, mahali ambapo hakuna mtumbwi wa Ikola uliopata kufika.