Gitaa la Baba Lilinifundisha Kupima

Je, umewahi kununua kitu kwa haraka, halafu ukakuta hakifai? Mimi nimewahi. Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima hapa Umwe, Ikwiriri, katika Wilaya ya Rufiji. Jioni tunakutana darasani, tunajifunza kusoma, kuandika na kupima. Lakini kosa nitakalokueleza si la mwanafunzi. Ni langu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa na gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme. Alilinunua Dar es Salaam akiwa kijana, katika miaka ya 1970. Wakati huo nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979, zilipendwa sana. Baba hakuwa mtu wa bendi. Alikuwa mkulima wa mpunga. Jioni, akitoka shamba, alikaa barazani akapiga, nasi tukasikiliza.

Baba alifariki. Gitaa likabaki kwa mama, bondeni. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko makubwa yalilikumba bonde la Mto Rufiji. Maji yalipoingia nyumbani, mama alitoka na vitu viwili tu: mfuko wa hati zake na gitaa. Aliponikabidhi aliniambia, "Mwanangu, mpunga tutapanda tena. Gitaa hili baba yako hatalinunua tena. Litengeneze lilie."

Lakini gitaa halikuweza kulia. Mbao zake zilikuwa nzima. Vilivyochoka ni vikazio, yaani vile vyuma vya kichwani vya kukazia nyuzi.

Tazama jinsi kikazio kinavyofanya kazi. Uzi huzungushwa kwenye mhimili mdogo. Mwisho wa mhimili huo pana gurudumu lenye meno. Meno hayo hushikwa na skrubu, na skrubu huzungushwa kwa vidole. Gurudumu la gitaa la baba lina meno 14. Kwa hiyo ukizungusha skrubu mara 14, mhimili huzunguka mara 1 tu. Ndiyo maana unaweza kukaza uzi kidogo kidogo. Tena uzi hauwezi kuvuta skrubu ikarudi nyuma. Lakini meno yakilika, skrubu huteleza na uzi hulegea.

Kwa nini meno yalilika? Gitaa hili ni la nyuzi za nailoni. Nyuzi za nailoni zilipokosekana, baba alifunga nyaya za chuma. Nyaya za chuma huvuta kwa nguvu nyingi zaidi. Pia vikazio havikutiwa mafuta kwa miaka mingi, kisha yakaja maji ya mafuriko na kutu.

Basi nikapanda basi, nikapita Kibiti na Mkuranga, nikafika Dar es Salaam. Nikaingia duka moja, nikasema, "Nipe vikazio vya gitaa." Nikalipa, nikarudi. Nyumbani nikakuta havikubali. Mihimili haikuelekea kwenye matundu.

Nilikwenda kwa fundi seremala. Akasema, "Tutoboe matundu mengine." Nikaona aibu kurudi Dar es Salaam mara ya pili, nikakaribia kukubali. Gitaa lilikuwa tayari juu ya meza yake.

Hapo akapita mama mmoja, fundi cherehani, mwanafunzi wa darasa letu. Akatazama, akauliza, "Mwalimu, kabla ya kununua ulipima?"

Nikanyamaza.

Akasema, "Mimi sikati kitambaa kabla sijampima mtu. Wewe ndiye uliyetufundisha rula."

Akachukua rula. Akapima kutoka katikati ya mhimili mmoja hadi katikati ya mhimili wa pili. Vikazio vipya vilikuwa na milimita 35. Hicho ndicho kipimo cha magitaa mengi ya nailoni siku hizi. Vya zamani vilikuwa na milimita 39. Akaandika namba hizo kwa chaki juu ya meza, akatoa: 39 kutoa 35 ni 4. Tundu la katikati lingekubali, lakini matundu ya pembeni yangekosea kwa milimita 4 kila moja. Matundu mapya yangeingiliana na ya zamani, na kichwa cha gitaa kingeweza kupasuka. Fundi akaweka keekee chini.

Nikarudi Dar es Salaam, safari hii nikiwa na kikazio kimoja cha zamani mkononi na namba 39 kwenye karatasi. Fundi mmoja wa magitaa alikuwa na vikazio vizima vya gitaa lililovunjika. Tukapima. Vilikuwa 39.

Kazi yenyewe niliifanya hivi. Nililegeza nyuzi zote kidogo kidogo. Nilifungua skrubu za bamba kwa bisibisi inayokaa sawasawa, nikaziweka ndani ya kopo. Vikazio vya kushoto na vya kulia havifanani, kwa hiyo niliandika KUSHOTO na KULIA kwenye vikaratasi. Matundu ya skrubu yaliyolegea niliyajaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi, nikaziacha zikauke usiku kucha. Asubuhi niliingiza mihimili yote 3 ya upande mmoja kwa pamoja, bila kugonga kwa nyundo. Nilipaka skrubu nta ya mshumaa, nikazikaza kwa mkono. Mwisho nilitia tone la mafuta ya cherehani kwenye meno, si kwenye mbao. Kisha nikafunga nyuzi 6 za nailoni.

Nilimpelekea mama. Mimi si mpigaji hodari, lakini nilipiga. Mama alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Uzi wa tatu umelegea."

Ni kweli, ulikuwa umelegea. Nyuzi mpya za nailoni hunyumbuka kwa siku kadhaa. Nikaukaza, mama akatikisa kichwa kukubali.

Ndugu msomaji, kupima si somo la darasani tu. Ukitengeneza mlango, pampu au gitaa, kitu kipya ndicho kifuate kitu cha zamani. Usikubali kuharibu kizuri kwa sababu ya kuona aibu kusema, "Nimekosea."

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini vikazio vya kwanza havikukubali?
2. Mwandishi alitaka kukubali matundu mapya. Kwa nini?
3. Taja kitu nyumbani kwako ambacho lazima kipimwe kabla ya kununua kipuri chake.