Kutoka Kwa Sadala kupanda Masama: jino la mtoto linapolegea kabla ya wakati

Ukishuka Kwa Sadala, kinachokupokea ni ndizi. Mikungu imelazwa kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, mshare wa mtori ukiwa mwingi kuliko zote. Akina mama wanabishana bei, na vijana wa bodaboda wanakuita hata hujashusha begi: "Dada, Masama?"

Ndiyo, Masama. Barabara ya huko inaanzia hapa, na ukiipanda unaelewa jambo moja kuhusu saratani ya watoto ambalo madaktari walihangaika nalo miaka mingi. Huku chini ni joto, mahindi na vumbi. Kadiri unavyopanda, vihamba vinaanza, migomba inafunika kahawa, maji yanapita kwenye mifongo, na jioni unatafuta sweta. Mbu nao wanapungua.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Alipoanza kuwatafuta wengine, aliwapata wengi. Oktoba 1961, Tanganyika ikijiandaa kwa Uhuru, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka kwa wiki 10 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewahi kuuona uvimbe huu? Majibu yalifuata joto, mvua na mwinuko. Karibu na ikweta, ukivuka takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ugonjwa ulikuwa nadra sana.

Mlima wenyewe haukuwa dawa. Ilikuja kueleweka kuwa mambo mawili hukutana: malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, na kirusi cha Epstein-Barr, kilichotambuliwa mwaka 1964 katika sampuli za uvimbe huo kutoka Uganda. Kirusi hicho karibu sote tunacho, huambukizwa kwa mate, na wengi wetu hakitufanyi lolote.

Mzazi anapaswa kujua sura ya ugonjwa huu, kwa sababu mara nyingi hauanzi kama saratani. Unaanza kama jino. Meno ya mbele ya utotoni hulegea mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na hapo hakuna cha kuogopa. Magego ya utotoni hukaa hadi miaka 9 au zaidi. Magego yakitikisika kwa mtoto wa miaka 5, fizi imevimba na shavu linajaa, kung'oa tu hakutoshi. Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wengine taya halivimbi kabisa: ni tumbo linalojaa, au mtoto aliyekuwa anakimbia anaishiwa nguvu miguuni na kushindwa kukojoa, uvimbe ukiwa umebana uti wa mgongo.

Saratani nyingine hazijali mwinuko. Ya jicho huwapata watoto wadogo, wengi chini ya miaka 5, awe wa Masama juu au wa huku barabarani. Na hapa simu uliyoishika ina kazi. Angalia picha zilizopigwa usiku kwa mwanga wa simu: mboni moja ikiwa nyekundu na nyingine ikang'aa nyeupe, tena kwenye picha zaidi ya moja, jicho lipimwe haraka. Huenda ikawa mtoto wa jicho au kitu kingine, lakini atakayekuambia ni daktari. Makengeza mapya nayo yasisubiri.

Uvimbe wa Burkitt una tabia moja inayowachanganya wazazi: unayeyuka haraka. Dawa zake za dripu, mojawapo ikitokana na kile kiua cha waridi au cheupe tunachopanda mbele ya nyumba (tafadhali usikichemshe, ni sumu), zinaweza kulishusha taya ndani ya siku chache. Kasi hiyo nayo ni hatari. Seli zikifa kwa wingi kwa pamoja humwaga taka kwenye damu, na figo zinaweza kuziba. Ndiyo maana mtoto huwekewa maji mengi kabla ya dozi ya kwanza na mkojo wake hupimwa. Mzazi anayelalamika kwamba "wanamwekea maji tu" hajaelezwa vizuri.

Kisha taya linarudi, mtoto anacheza, na dozi zimebaki kadhaa. Kutoka Kwa Sadala unavuka Kikavu na Weruweru, unaingia Moshi, halafu unapanda hadi KCMC, ambako watoto wenye saratani hutibiwa. Si mbali. Lakini nauli ya watu wawili, tena na tena, kahawa ikiwa haijauzwa na nyumbani kuna wadogo, ni mzigo mzito. Naamini wengi wanaoacha hawaachi kwa ujinga. Mwambie muuguzi mapema kuhusu nauli, kabla ya tarehe kupita. Wodi za watoto wa saratani zina maofisa ustawi wa jamii kwa kazi hiyo.

Homa katikati ya dozi haisubiri tarehe ya kliniki. Dawa zimeshusha kinga ya mtoto, kwa hiyo atoke nyumbani saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.