Baridi ya Julai na Watoto Wadogo

Watu wa pwani wana neno zuri, kipupwe, kwa majira ya baridi ambayo huanza mwezi wa Juni na kwisha Agosti. Neno ni lao, lakini baridi yenyewe ni yetu. Mtu wa Mombasa akijitanda shuka usiku wa Julai husema kwamba kipupwe kimeingia. Mtu wa Runyenjes, au wa Chogoria, au wa Nkubu, usiku huohuo amevaa sweta mbili na koti, na mikono bado ameificha kwapani. Miteremko yetu ya Mlima Kenya, ile ya mashariki na ya kusini, imeuelekea upepo utokao Bahari ya Hindi. Katika miezi hiyo upepo huo ni wa baridi nao umebeba unyevu. Ufikapo mlimani hulazimika kupanda, unyevu wake hugeuka kuwa wingu, na wingu hilo likishalala juu ya vichwa vyetu halina haraka ya kuondoka. Mara nyingi kilele cha Batian, kwenye mita 5,199, huota jua juu ya wingu, ilhali sisi wa chini tunapata manyunyu ambayo si mvua wala si ukungu. Katika mji wa Embu joto la mchana huweza kukaa karibu na nyuzi 20 siku baada ya siku, na nguo zilizoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi zikiwa zingali mbichi.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Embu, nikafunzwa kazi yangu katika chuo cha ualimu, nikaoa Meru, upande wa Imenti. Tuna watoto watatu: wa kwanza ni msichana wa miaka 8, wa pili mvulana wa miaka 5, na wa tatu ni msichana wa miaka 3 ambaye hakubali kuitwa mdogo. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, na jambo hilo ni kweli. Hatukufundishwa afanyeje mzazi mwenye watoto watatu, chumba kimoja cha kukalia, na siku tisa zisizo na jua.

Vitabu vya Kiingereza vina picha za kipupwe cha Ulaya. Humo watoto wenye kofia za sufu huunda mtu wa theluji, humpachika karoti mahali pa pua, na kuteleza juu ya barafu. Binti yangu mkubwa alizitazama picha hizo mwaka juzi akaniuliza theluji yetu iko wapi. Nilimwonyesha upande wa mlima, ambao siku hiyo haukuonekana. Theluji yetu ipo, nikamwambia, lakini inakaa mbali na watoto, na barafu ya mlima imepungua sana tangu Halford Mackinder na wenzake wawili walipofika kileleni mwaka 1899. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi, Baba, sisi tuna baridi bila faida." Sikuwa na jibu la papo hapo.

Uovu wa baridi ni kwamba humfanya mzazi aupende mlango uliofungwa. Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Julai, mtoto mmoja wa darasa langu hakuja shule siku ya Jumatatu. Wazazi wake walikuwa wamepanga chumba kimoja mjini. Baada ya chakula cha jioni jiko la makaa liliingizwa ndani, dirisha likazibwa kwa gunia, na watu sita wakalala. Usiku wa manane mama aliamka na kichwa kinachopasuka, akatambaa mpaka mlangoni, akaufungua. Kwa kufungua huko watu watano waliokoka. Mtoto mchanga wa miezi mitano hakuokoka.

Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walitaka watoto wao wapate joto, kama ninavyotaka mimi na kama utakavyotaka wewe, msomaji, ukijaliwa watoto. Makaa yakiungua mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, tena haiwashi macho kama uwashavyo moshi wa kuni. Hewa hiyo hushika damu pale ambapo oksijeni ingeshika. Mtu aliye macho huumwa kichwa na kujisikia kutapika. Aliyelala huzidi kulala tu. Mwanafunzi wangu alirudi shuleni baada ya wiki mbili, akakaa kwenye dawati lake kimya, na katika somo la sayansi akanyosha mkono kuniuliza kama makaa yana hasira.

Tangu siku hiyo jiko letu halivuki kizingiti. Hukaa nje penye upepo mpaka makaa yawe majivu matupu, na jikoni kwetu, penye moto wa kuni, mlango na dirisha huwa wazi hata kama manyunyu yanaingia. Mke wangu aliafiki mara moja. Lakini alinikumbusha, kwa sauti ya mtu anayejua hesabu, kwamba ukimwondolea mtoto jiko huna budi kumpa kitu kingine cha kumtia joto. Hivyo ndivyo michezo ya kipupwe ilivyoanza nyumbani kwetu. Haikuanza kama anasa.

Asubuhi, kabla ya uji, sote watano hukimbia mpaka langoni na kurudi. Mara ya kwanza watoto hulia, mara ya pili hucheka, na mara ya tatu yule mdogo hudai ameshinda. Kisha huja uji wa wimbi, wa moto, na bakuli hushikwa kwa mikono miwili kabla halijaguswa kwa midomo. Mchana manyunyu yakipungua tunacheza kati: wawili hurusha mpira kutoka pande mbili, na waliomo katikati huukwepa. Mpira wenyewe ni wa majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Mwanangu wa miaka 5 anaweza sasa kuufunga peke yake, na katika nchi yenye migomba kama yetu hakuna mtoto aliye maskini wa mpira. Ukilowa huwa mzito, haudundi wala hauendi mbali. Jambo hilo ni jema, kwa maana haupotei katika chai ya jirani. Kuna pia brikicho, yaani mchezo wa kujificha, ambao katika ukungu hauhitaji hata mti wa kujifichia. Unarudi nyuma hatua ishirini, umetoweka.

Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, huniita juu ya ua. "Mwalimu, watoto watapata nimonia." Humjibu kwa adabu, maana ananitakia mema, kwamba nimonia huletwa na viini, na kwamba viini hivyo hupenda zaidi chumba kilichojaa watu na moshi kuliko uwanja wenye upepo. Ni kweli kwamba mtoto aliyelowa hapaswi kuachwa na nguo mbichi. Kwa hiyo mchezo ukiisha kuna karai la maji ya moto, kuna taulo, kuna soksi kavu. Kazi hiyo ni kubwa kuliko mchezo wenyewe, nami sitaki kumdanganya mtu: mzazi atakayecheza na watoto katika Julai atafua nguo nyingi na kuzianika juu ya viti. Mzee yule, nadhani, kinachomsumbua si nimonia peke yake. Hajazoea kumwona mwanamume mwenye ndevu akikimbia kukwepa mpira wa majani.

Mvua kubwa ikishika, tunaingia ndani, na hapo kazi za shamba hutusaidia. Maharagwe ya mvua za Machi huwa yamekwisha kung'olewa, nayo hupigwa kwa fimbo na kupembuliwa. Mtoto wa miaka 3 hawezi kupembua, lakini anaweza kuyatenga kwa rangi, mekundu huku na yenye madoadoa kule. Bila kujua anafanya hesabu ambayo mimi huifundisha kwa chaki. Mkubwa anajifunza kufuma kwa spoki mbili za baiskeli. Amefuma kitu ambacho alisema ni skafu, kisha akasema ni mkeka wa paka, na sasa ni blanketi la mwanasesere. Jioni mahindi mabichi huchomwa, viazi vitamu hufukiwa katika majivu, na kila mtoto huweka alama juu ya kiazi chake ingawa moto huifuta alama hiyo kila siku.

Likizo ya Agosti huwapeleka watoto kwa bibi yao, Meru. Njia ya Embu hadi Meru huzunguka ubavu wa mlima na kuvuka mito mingi iendayo Tana. Watoto huitaja kila tufikapo darajani, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, na yule anayesahau mmoja hupoteza kiti cha dirishani. Kabla ya mji wa Meru barabara hukata mstari wa Ikweta. Mwanangu alisoma kwamba Ikweta ni sehemu ya joto, na alipoteremka pale, meno yakigongana, alinitazama kana kwamba nimeandika kitabu hicho mimi. Tulisimama palepale kando ya barabara nikamweleza habari za kupanda juu: kwamba kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyopoa, Ikweta au si Ikweta. Alisikiliza. Kisha akauliza kama tunaweza kuingia garini.

Mama mkwe wangu ana jiko la zamani, lenye mafiga matatu na paa jeusi kwa masizi, nalo lina nafasi ya kutosha kwa wajukuu wanane. Mimi siingii humo. Desturi ya staha baina yetu yaijua kila mtu wa kwetu, nami sina nia ya kuivunja kwa sababu nimesoma. Hukaa katika nyumba kubwa na baba mkwe, tukizungumza habari za bei ya chai, na kutoka jikoni husikika kelele. "Kitendawili!" "Tega!" Kisha kimya, kisha kicheko, kisha sauti ya bibi akidai apewe mji, nao watoto humpa Nairobi, humpa Isiolo, humpa London.

Mwaka jana wanangu walibuni mchezo ndani ya mchezo. Kitendawili kikiwashinda jikoni, mmoja wao hutumwa mbio katika manyunyu kuja kuniuliza mimi. Nami nikitega changu, hukipeleka kwa bibi. Kwa njia hiyo mama mkwe nami tulishindana jioni nzima bila kuonana uso kwa uso, wala staha haikuguswa. Alinishinda. Niliingojea siku ile kwa vitendawili vya vitabuni, ambavyo yeye alivijibu kabla mjumbe hajamaliza kukitega. Lakini vilivyotupendeza wote vilikuwa vya watoto wenyewe. Mvulana alitega: "Natoa moshi lakini siungui." Ni pumzi ya asubuhi. Dada yake akatega: "Nina babu aliyejifunika blanketi tangu Juni, na hataki kuamka." Baba mkwe, aliyekuwa akisinzia, alifungua jicho moja akasema, "Ni mimi," na mtoto akamjibu kwa heshima, "Hapana, Babu, ni mlima."

Usiku huo bibi aliwaeleza pia habari za baridi nyingine, ya miaka ya 1950, wakati vijana waliopigania uhuru waliishi katika msitu wa mlima huuhuu, na mara nyingi hawakuthubutu kuwasha moto mchana kwa kuwa moshi ungewaonyesha kwa ndege za serikali. Binti yangu alikuja kwangu na swali ambalo halikuwa kitendawili: walipataje joto? Nilimrudisha kwa bibi. Jibu alilopewa ni kwamba walilala wamebanana kama ndizi katika kichane, na usiku ule wajukuu wote wanane walitaka kulala hivyo.

Iko safari moja ambayo nawashauri wazazi wa Embu waijaribu, haswa wale wanaodhani hawana uwezo wa kusafiri. Si safari ya mbali. Panda matatu iendayo Kiritiri, katika nchi ya Wambeere. Njia huteremka tangu mwanzo. Chai huwa imeachwa juu, kahawa nayo hubaki nyuma, migomba hupungua, kisha huja miti ya miiba na udongo mwekundu, na ghafula wingu linakwisha kama dari ya nyumba inavyokomea ukutani. Mbele kuna jua. Watoto wangu huvua nguo kwa zamu kadiri tunavyoshuka: kofia, kisha sweta ya juu, kisha ya pili, na wa mwisho kuvua hulipa faini ya kipande cha muwa. Bado chini zaidi ni Tana na mabwawa yake ya umeme, Kindaruma lililoanza kazi mwaka 1968 na Masinga la mwaka 1981, lakini majini hatuendi, kwa sababu mna mamba na viboko, na watoto watatu ni wengi kwa macho mawili. Hutafuta mgunga wenye kivuli kizuri, tukala viazi vyetu vya majivu, na kuketi tu katika jua kama kenge.

Saa tisa tunaanza kurudi. Matatu ikipanda, ukungu huonekana kwa mbali juu ya vilima, mweupe na mzito, umekaa pale tulipouacha. Hapo yule wa miaka 3, ambaye njia nzima alikuwa amelala mapajani kwa mama yake, huamka mwenyewe, hunyosha mikono yote miwili juu, na kungoja avalishwe sweta.