Chensoo Haiwashwi Hewani

Wengi huandika humu kuhusu viza, tasnifu na upweke. Mimi leo naandika kuhusu kuwasha chensoo, na kabla hujacheka, jiulize ni wangapi kati yetu ada yetu ilitoka kwenye mbao. Kwetu ni Mufindi, jirani na shamba la miti la Sao Hill. Kule karibu kila ukoo una mtu wa misonobari: mpandaji, mpasuaji au dereva wa lori.

Mdogo wangu wa mwisho, miaka 22, amenunua chensoo ya mtumba Mafinga (Wakenya mngesema pawa soo). Mama akanipigia: "Wewe si injinia? Ongea na mwenzio." Mimi nasomea mambo ya mabomba na joto, lakini kwa mama injinia ni injinia tu. Na kwa kuwa saa za Doha na za nyumbani ni zilezile, sina kisingizio.

Nikamwomba dogo anitumie video. Jamani! Mkono wa kushoto kashika mpini, wa kulia unavuta kamba, na mashine anaitupa chini hewani. Mtindo huo hata hapa upo. Juni vijana wa bustani walikuja kupunguza mti nyuma ya jengo letu, mapema sana, maana tangu 2021 Qatar inakataza kazi za juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, 1 Juni hadi 15 Septemba. Wanakimbizana na saa 4, basi mmoja akaiwasha vilevile hewani, miguuni ana kandambili.

Ubaya wake uko kwenye klachi. Injini ikitulia kwenye mzunguko wa chini, klachi haishiki na mnyororo unasimama. Lakini ukivuta choki, kwenye mashine nyingi triga ya mafuta nayo inafunguka kidogo, injini inawaka kwa kasi, klachi inashika, mnyororo unazunguka papo hapo. Sasa mashine inaning'inia kwenye mkono mmoja karibu na paja. Na ikigusa kitu kwa robo ya juu ya ncha ya upanga, inaruka nyuma kuelekea usoni. Mufindi asubuhi za Juni ni baridi kali, choki lazima. Yaani baridi ya kwetu inaongeza hatari ambayo joto la Doha linaipunguza.

Kwa hiyo nikamwambia: dogo, weka chini, mahali tambarare, mita tatu au zaidi kutoka ulipojazia petroli. Upanga usiguse kitu. Sukuma kinga ya mkono mbele, hiyo ndiyo breki ya mnyororo. Ncha ya buti la kulia iingie kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto unyooke kwenye mpini wa mbele, kidole gumba kiuzunguke. Vuta kamba taratibu mpaka uhisi inakaza, halafu vuta kwa nguvu. Usiizungushe kamba mkononi. Ikishawaka, gusa triga mara moja ishuke kwenye mzunguko wa chini, usiiache inguruma na breki imefungwa, klachi itaungua. Breki unaifungua ukishaishika kwa mikono miwili. Mafuta nayo: mashine nyingi za siku hizi zinataka mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, siyo kukadiria kwa kifuniko cha soda.

Akanisikiliza vizuri, kisha akasema: "Kaka, hiyo kinga ya mbele yangu haina."

Aliyemuuzia aliing'oa, eti inasumbua. Nilinyamaza kidogo. Dogo ana mkataba wa kukata miti ya jirani, na hela ya mbegu za mahindi inatoka humo. Kumwambia aache ni rahisi ukiwa Doha kwenye kiyoyozi. Tumekubaliana asiiwashe kabisa mpaka breki ipatikane. Nusu ya bei natoa mimi kwenye posho yangu, nusu yeye. Fundi wa Mafinga anasema spea ya modeli ile itachukua wiki mbili. Jirani amekubali kusubiri moja.